Mgeni wa Siku Tatu na Theluthi

Sogeeni. Wewe uliye pale mlangoni, ingia au toka. Kwenye kizingiti hapasimamwi, na hivi punde mtajua kwa nini. Wewe mpe mtoto titi anyamaze. Hizo simu zilazeni. Mwenye kicheko acheke sasa, mwenye kikohozi akohoe, kisha pawe kimya, maana habari hii haipendi kusemwa juu ya kelele. Ikisikia kelele inageuka kutazama ni nani anayeisema.

Huko Hadhramaut, kwenye mabonde ya mikunazi, palikuwa na mfuga nyuki akiitwa Yuslim, na mkewe Muzna, binti wa ami yake. Yuslim alikuwa mtu wa maua. Mikunazi ikichanua bonde la chini, yuko chini. Migunga ikichanua juu, yuko juu, na mizinga yake thelathini ya mbao imepakiwa kwenye pikapu ya dizeli iliyokuwa kuukuu tangu siku aliyoinunua. Muzna yeye alikuwa mtu wa kungoja. Msimu mmoja akangoja na mimba ya miezi sita, peke yake, na mimba ikatoka mume akiwa mbali mwendo wa siku mbili. Akaifunga kwenye kitambaa kwa mikono yake mwenyewe. Asali ya mwaka ule ililetwa nyumbani na hakuna aliyeionja.

Ndipo Yuslim alipoapa. "Binti ami, haki ya mkate huu, hutangoja tena. Nitakutengenezea pa kulala humo humo garini. Nyuki wakihama, tunahama sote."

Na mimba ya pili ilipoingia, wakaenda kwa Bakhit, fundi wa kuchomelea, mtu mwembamba mwenye mdomo mpana.

"Yuslim, unataka gari au unataka kasri?" Bakhit akauliza, akiizunguka pikapu kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Nataka banda la kulala juu ya bodi. Watu wawili."

"Na mkeo akikufukuza utalala wapi? Juu ya injini?"

Muzna akajibu ndani ya ushungi: "Atalala na nyuki. Wale wamemzoea."

Bakhit akacheka mpaka miwani yake ya kuchomelea ikamdondoka.

Wiki tatu walifanya kazi, na Muzna hakukosa hata siku moja pale gereji. Yeye ndiye aliyesema dirisha liwe wapi. Bakhit alisimamisha nguzo nne za bomba la mraba, akapitisha mbavu tatu juu, akavika bati nje na mbao nyembamba ndani, katikati akajaza sponji ili jua lisipike watu. Akaweka kidirisha cha wavu kila upande. Kitanda kikainuliwa, chini yake droo mbili: moja ya unga, tende na samaki mkavu, moja ya vifaa vya nyuki. Wakafunga betri ya pili kwa ajili ya feni, na tangi la maji ubavuni. Juu ya paa keria ya mizinga yote thelathini, iliyokazwa kwa kamba ndefu moja yenye fundo moja, kwa sababu mfuga nyuki akitaka kushusha mizinga hataki kusumbuana na mafundo kumi. Muzna akapigilia ukutani mkeka wa manyoya ya mbuzi alioufuma mama yake.

Mwisho Bakhit akaingia chini ya gari. "Mizinga, maji, kitanda, na mwanamke mwenye hasira," akasema kutoka huko chini, "gari hili litakaa kama kuku anayetaga." Akaongeza chuma kimoja kwenye spiringi za nyuma, kila upande. Kisha akawapandisha wanaume wanne nyuma, akawaambia waruke. Gari halikushuka hata upana wa vidole viwili. "Sasa mkitaka mpandishe ngamia," akasema, akijipangusa grisi.

Lishikeni hilo la spiringi, msiliangushe njiani.

Ukabaki mlango. Bakhit alitaka kuukata wa bati. Lakini Yuslim akaja asubuhi moja na mlango wa mti mgongoni, mfupi, mzito, wa mkunazi mweusi wa zamani, umepigwa misumari mikubwa ya chuma yenye ncha zilizotokeza nyuma, na komeo lake la mbao na ufunguo wake wa mbao wenye meno kama chanuo. Na kizingiti chake pia alikuwa nacho. Aliung'oa kwenye gofu moja la udongo katika kijiji cha juu, nyumba ya ukoo uliokwisha.

"Umeuomba kwa nani?" Muzna akauliza.

"Nimwombe nani, binti ami? Pale hakuna hata wa kumwamkia."

"Basi ulaze nje kifudifudi siku tatu, uutie chumvi. Mlango ulioondolewa kwake hulazwa, kama una mtu wake ashuke aende zake. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake."

"Mikunazi imeshafunguka, Muzna! Siku tatu nani anazo? Nyuki watakula chumvi?"

Bakhit akaupima. Ukaingia sawasawa, kama uliokatwa kwa ajili ya banda lile. Hilo halikumfurahisha. Alikuwa fundi miaka ishirini na hakuna kitu alichopima kikaingia sawasawa mara ya kwanza. Akakaza bawaba kwa nati nne za namba kumi na nne, akakipigilia kizingiti, na hakufanya utani tena siku ile.

Wakaondoka Ijumaa jioni, wakiwa na mbuzi mmoja wa maziwa. Nyuki husafirishwa usiku kwa ajili ya joto, na binadamu hulala mchana. Basi Jumamosi, jua la utosi, wakawa wamesimama chini ya mteremko wenye mikunazi iliyochanua njano tupu. Mizinga ilikuwa bado juu ya keria, midomo imefunguliwa, nyuki wakitoka na kuingia kwa mvumo ule unaomlewesha mtu. Yuslim na Muzna wamelala ndani, mlango umerudishwa, feni inazunguka. Mimba ilikuwa na miezi mitano. Muzna alikuwa katikati ya usingizi na macho, akiwaza kwamba hii ndiyo raha, kumbe raha ni bati na sponji.

Mlango ukagongwa mara tatu, polepole, kama anayegonga ana adabu.

"Enyi watu wa nyumba," ikasema sauti ya mzee, imekauka, "jua limeniua. Nipeni kivuli."

Sasa, mwanamume wa mabonde yale huwa na neno lililolala mdomoni mwake tangu anaponyonya. Ukimkaribisha mtu unamwambia: uko usoni mwangu. Ukishalitamka, damu yake ni damu yako, na atakaa kwako siku tatu na theluthi, na asiyempenda atakuja kwanza akupige wewe. Yuslim hakufumbua hata macho.

"Karibu," akasema. "Ingia, uko usoni mwangu."

Muzna ndiye aliyesikia lile neno jingine. *Nyumba.* Nani anayeliona gari akaliita nyumba?

Akasukuma mlango kwa mguu. Nje hapakuwa na mtu. Palikuwa na mawe meupe, na mbuzi aliyefungwa kwenye mkunazi, amesimama wima kama mti. Kisha upepo wa moto ukampita usoni, ukaingia, una harufu ya udongo mkongwe uliolowa na nywele zilizoungua. Na gari likashuka. Likashuka nyuma shubiri nzima, spiringi zikalia, vyombo vikagongana ndani ya droo, kama mtu mzito ameweka mguu, kisha wa pili, kisha akaketi.

Juu ya paa, nyuki wote wa mizinga thelathini wakanyamaza.

"Mwana wa ami," Muzna akanong'ona, "umemkaribisha nani?"

Yuslim alikuwa amekaa macho wazi, ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Muzna akaona kidole kidogo cha mume wake kikiinuka chenyewe, kikirudi nyuma taratibu kama mtu anayejaribu ugumu wa kijiti, kikaenda, kikaenda, kikalia kama ukuni. Halafu cha pili. Halafu cha tatu. Na sauti ikasema karibu kabisa, kwa upole: "Mikono ya mwenyeji wangu ni laini. Alhamdulillahi."

Yuslim akasoma Aya ya Kursi, meno yakimgongana. Sauti ikamngoja amalize, kisha ikamsahihisha herufi mbili.

Jioni ile Muzna alifunga vidole vya mumewe kwa vijiti na kitambaa, akasema: "Tung'oe mlango tuutupe, twende."

"Siwezi."

"Huwezi kwa sababu ya vidole?"

"Kwa sababu ya neno. Nimempa uso wangu, Muzna. Mtu akitoa uso wake kisha akaurudisha mfukoni, atakaa na nani? Atakula na nani? Babu yangu alimlinda muuaji wa ndugu yake siku tatu na theluthi, akamnawisha mikono kwa maji yake mwenyewe. Ni siku tatu tu."

"Babu yako alimwona mgeni wake ana miguu mingapi."

Yuslim akajigeuzia upande wa ukuta.

Jumapili walimkuta mbuzi amelala pale pale alipofungwa, kichwa kimegeuzwa nyuma kabisa, anatazama mkia wake, ulimi nje. Muzna alitaka kuchukua spana akalegeze nati. Alipoishika tu, Yuslim akanyanyuliwa kitandani mbele ya macho yake, mzima mzima, akapigwa kwenye mbavu za paa alizozipitisha Bakhit, akaachwa, akanyanyuliwa, akapigwa tena, na kila alipogonga bati Muzna alisikia kitu ndani ya kifua chake kikiachana na kingine. Akaiangusha spana. Mume naye akaanguka.

"Iache, binti ami," akasema Yuslim, pumzi zikimpiga filimbi. "Yuko usoni mwangu. Iache."

Ajabu ni kwamba yeye Muzna hakuguswa, na hilo lilimtisha kuliko kipigo. Jumatatu adhuhuri usingizi ulimchukua kwa uchovu tu, na ndani ya usingizi akahisi kiganja juu ya tumbo lake, kimetulia, kizito, cha baridi siku ambayo mawe yalikuwa yanapasuka kwa joto, kikipapasa kama mnunuzi anayepapasa tikiti maji, kikisimama pale mtoto anapocheza, kikingoja, kikifuata mguu mdogo huku na huku chini ya ngozi. Akajisemea, Yuslim ananiomba msamaha maskini. Akafumbua macho. Yuslim alikuwa amelala kwa mgongo, mikono yote miwili chini ya kichwa.

Akatoka mbio mpaka kisimani, na hakumbuki alivyofika.

Pale kisimani palikuwa na mchunga mbuzi, bibi mmoja aitwaye Nuwayyir, kofia yake ndefu ya ukindu imesimama kichwani kama mnara, amekaa juu ya ndoo. Alimtazama Muzna kutoka miguuni hadi machoni.

"Mwanangu, hilo gari lenu lina watu wangapi?"

"Wawili, bibi."

"Nimelipita asubuhi. Limekaa kama lenye watu saba. Na mlango ule ninaujua. Niliwahi kuolewa nyumba ya jirani yake." Akatema mate upande. "Mumeo alimwambia neno?"

Muzna akatikisa kichwa kukubali, machozi yakamtoka.

"Nyumba ile ilikuwa na watu tisa. Mgeni akaja adhuhuri, akakaribishwa. Wakabaki sita. Akaja tena, wakabaki wanne. Hakuna aliyejifunza kumuuliza jina, kwa sababu watu wetu wana adabu hata kwa kinachowala." Bibi akamshika kifundo cha mkono. "Sasa nisikilize, acha kulia, machozi utayahitaji kesho. Mgeni ana sheria na mwenyeji ana sheria. Mgeni akimwaga damu ya nyumba iliyomkaribisha, uso umepasuka, hana tena haki hata ya kivuli. Je, amemwaga?"

Muzna akahesabu. Vidole vitatu vimevunjika. Mbavu zimevunjika. Mbuzi shingo. Mgongo wa Yuslim una alama za viganja zilizoungua, nyeusi. Na katika yote hayo, mashuka yake yalikuwa safi.

"Hata tone," akasema.

"Unaona? Anaijua sheria kuliko mumeo." Bibi Nuwayyir akainuka, mifupa ikilia. "Basi mfanye aisahau. Wazee kama yule wana kidonda kimoja tu, na ni hicho hicho walicho nacho wanaume wote wa bonde hili."

Akawapigia mbuzi wake mluzi, akaondoka.

Jumanne, jua la utosi, siku tatu zikatimia. Yuslim alikuwa amelala chini ya kivuli cha gari, kwenye mchanga, maana ndani hakuweza tena kupanda. Taya limevimba, jicho moja limefungwa. Muzna alipanda mwenyewe. Akaketi kitandani, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba: "Mgeni wetu, siku zako zimekwisha. Njia yako njema."

"Zimekwisha tatu," ikasema sauti. "Imebaki theluthi."

"Theluthi ya mchana. Mpaka adhana ya alasiri."

Kicheko kikavu kikapita kwenye mkeka wa manyoya, na kila unywele ukasimama. "Nani aliyekwambia ni ya mchana? Mlisema siku tatu, na theluthi. Nimehesabu watu wa nyumba. Wako watatu. Mmoja yuko chini ya gari, mmoja yuko mbele yangu." Kiganja cha baridi kikatua tumboni, na safari hii hakikupapasa, kilikamata. "Alasiri nitaichukua theluthi yangu, niondoke kwa heshima. Wala sitamwaga damu. Mnajua kufunga kwenye kitambaa."

Akina mama mlio hapa mnajua, pana maneno yanayomwingia mwanamke yakaukausha woga wote kama jua linavyokausha samaki. Muzna hakulia. Alisikia mtoto akijikunja ndani yake, akijifanya mdogo, akiacha kucheza, na kile kiganja kikizama polepole kama kinachoingia kwenye unga, na harufu ya udongo uliolowa ikajaa mpaka ulimi ukaonja kaburi, naye akajivuta, akajivuta na uzito ule ukiwa umemshika, makalio yakiburuzika juu ya mbao, mpaka akafika mlangoni, akausukuma ukafunguka nusu, akaona nje bonde jeupe lisilo na kivuli hata cha ndege. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kizingiti, vidole kati ya mlango na mwimo, pale ncha za misumari ya zamani zilipotokeza.

Ndipo akaanza.

"Unaitwa nani wewe?"

Kiganja kikasita tumboni.

"Siku tatu unakula mkate wangu, sijasikia jina. Mwana wa nani? Wa ukoo gani? Hata yule mbuzi wangu uliyemvunja shingo, mama yake namjua."

"Nyamaza, mwanamke." Gari likatikisika.

"Ati mzee! Mzee gani hana baba? Tisa waliokula nawe kule juu hawakukuuliza kwa kukuonea haya. Walijua huna la kujibu! Wewe si mgeni. Mgeni ametoka kwao. Wewe kwenu wapi? Nyuma ya mlango, pamoja na fagio?"

"Nyamaza!"

"Umeokotwa!" Muzna akapiga kelele mpaka mshipa wa shingo ukasimama. "Umeokotwa, huna wa kukuzika wala wa kukuita! Hata jina la kutukaniwa huna!"

Mlango ukajifunga.

Ulijifunga kwa nguvu ya karne nzima ya adabu, mkunazi mweusi juu ya mkunazi mweusi, na misumari ikapita, na vidole viwili vya Muzna, cha pete na kidogo, vikabaki upande wa nje na mkono ukabaki ndani. Damu ikaruka juu ya mbao, juu ya mkeka, ikatiririka kwenye kizingiti ikaingia ndani ya nyufa zake. Na Muzna, badala ya kulia, alipiga kigelegele. Alikipiga kirefu, kama anayemtoa bwana harusi, kikaenda kikagonga mlima kikarudi.

"Damu!" akaita. "Damu ya mwenyeji kizingitini! Uso umepasuka, mwana wa ami! Umepasuka! Inuka!"

Na Yuslim, aliyekuwa maiti anayepumua, akainuka. Akaja kwa magoti, spana namba kumi na nne kwenye mkono wake mzima, akaibana kwenye nati ya kwanza. Sauti ile haikuwa tena ya mzee, ilikuwa ya dari la udongo linaloporomoka juu ya watu waliolala. Kitu kikatoka ndani kikamchukua kikampiga kwenye jiwe, na sasa hakikujizuia tena, damu ilimtoka puani na masikioni. Akarudi akatambaa, akalegeza ya kwanza. Kikamburuza kwa miguu, akarudi, akalegeza ya pili kwa meno yaliyobaki yakiwa yamekazwa. Kikamkanyaga mgongoni mpaka akatapika nyekundu, na bado mkono ule ulikuwa juu, unatafuta ya tatu. Mke wake ndani, gari likitikisika, alikuwa anatupwa ukuta huu na ukuta huu, mikono yote miwili amekumbatia tumbo, damu ya mkono ikimchora mkufu shingoni, mpaka akaangukia kidirisha cha wavu, akaupasua kwa kiwiko, akatoa mkono nje, akapapasa, akaikuta kamba. Kamba moja. Fundo moja.

Akalivuta.

Mizinga thelathini ikaporomoka juu ya mawe ikapasuka, na nyuki walionyamaza siku tatu wakatoka na mvumo wa siku tatu. Hawakumgusa Yuslim. Harufu ile ya nywele zilizoungua waliijua vizuri, na kwa nyuki hiyo ndiyo harufu ya adui. Walikwenda hewani mahali palipokuwa patupu, wakatua juu ya kitu, wakaendelea kutua, na mbele ya macho ya watu wawili wale mtu akaanza kuonekana kwa nyuki: mguu, mguu, mgongo uliopinda, mikono mirefu mpaka magotini, kichwa kilichopita juu ya keria, nyuki wote wamewaka kahawia na wanatembea. Kinywa kikafunguka katikati ya nyuki, nyuki wakaingia. Kilijipiga, kikajipiga, na nyuki wakaanguka kwa maelfu, wamekauka kama mtama kikaangoni, na maelfu wakapanda juu ya wafu wao.

Nati ya nne ikaanguka mchangani. Mlango ukaifuata. Yuslim akaking'oa kizingiti kwa jeki, akavimwagia dizeli vyote viwili, na Muzna ndiye aliyepiga kiberiti kwa mkono wake wa kulia. Umbo la nyuki likakimbilia moto kama mtu anayekimbilia nyumba yake inayoungua, likaingia, likakaa mlangoni, likaisha.

Na gari likapanda. Nyuma likapanda shubiri nzima, spiringi zikapumua.

Kwa mbali, kijijini, alasiri ikaadhiniwa. Ndani ya Muzna, mguu mdogo ukapiga teke.

Basi, haya ndiyo yaliyobaki na waliorithi. Nyuki walikufa wote, na ilimchukua Yuslim misimu saba kupata mizinga thelathini mingine. Hiyo aliirithi mwanawe wa kiume aliyezaliwa baadaye. Spana namba kumi na nne iliombwa na Bakhit, naye aliuweka mlango wa bati bila kupokea hata chai, na sasa iko kwa mjukuu wake, imetundikwa juu ya moto wa kuchomelea. Pete ya Muzna iliokotwa jivuni imejikunja. Aliirithi mke wa mwanawe, na haivai. Mkeka wa manyoya haukurithiwa, ulizikwa pamoja na vidole viwili. Na pikapu ilikwenda kwa binti, yule yule aliyehesabiwa kabla hajazaliwa, aliyeitwa Nuwayyir kwa heshima ya yule bibi wa kisimani. Yeye naye anafuata maua, analala humo peke yake, na ukimgongea mlango hatakukaribisha kwanza. Atakuuliza jina lako, na la baba yako, na la babu yako, na watu wa bonde wanasema binti huyu hana adabu.

Kuna kitu kimoja tu kilichosahauliwa siku ile ya moto. Ufunguo wa mbao, wenye meno kama chanuo, ulikuwa mfukoni mwa Yuslim. Hakuna aliyetaka kuurithi, basi uko ndani ya dashibodi pale ulipowekwa. Na kila msimu mikunazi ikichanua, Nuwayyir anasema, inakuwako adhuhuri moja, joto limenyooka, yuko ndani macho wazi, ndipo spiringi za nyuma zinaposhuka polepole shubiri moja, upande mmoja tu, kama mtu mzee ameketi kwenye bampa kwa nje, hajagonga, anangoja aambiwe neno.